Kola za uzio wa setilaiti: ipime kwanza pembeni ya ukuta

Mbwa wangu alikuwa amelala chini ya upenu, kidevu juu ya miguu, kola yake, ile inayosoma setilaiti na kumpiga shoti akivuka mpaka niliouchora kwenye simu, ikaanza kulia. Ikatetema, kisha ikampiga shoti. Hakuwa amesogea hata hatua moja. Nikatazama simu: kidoto kinachoonyesha alipo kimevuka ukuta, kiko barabarani. Wiki mbili nzima alikataa kulala pale.

Kwa hiyo betri na kuzuia maji sizigusi, zimeandikwa kwenye boksi. Shida ni kidoto kuhama wakati mbwa katulia. Mpaka unaouchora kwenye simu unaonekana kama uzi, lakini ardhini ni ukanda wa mita kadhaa. Simu ya kawaida, hata kwenye anga wazi, hukosea mahali ilipo kwa kama mita 5. Karibu na ukuta au paa la bati, mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi. Kola hupokea yaliyochelewa na kumweka mbwa mahali asipokuwepo. Miti yenye majani mengi nayo huyafifisha. Tena kuna mbio: mbwa anayekwenda mita 10 kwa sekunde, akipimwa mara moja tu kila sekunde, ameshavuka kola ikiwa bado inamwona ndani.

Chaguo langu la kwanza ni kola ya SpotOn, na sifichi kwamba naipendelea. Inasoma mifumo minne ya setilaiti, yaani GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, mpaka unaweza kuuweka kwa kuuzunguka kwa miguu, na uzio hufanya kazi bila ada ya mwezi. Ila inataka eneo kubwa, nusu ekari hivi kwenda juu. Ua wako ukiwa mdogo, chukua uzio wa waya wa kufukia ardhini: utachimba hadi mgongo uume, lakini waya hauhami. Halo, kola nyingine ya setilaiti, naiweka ya tatu kwa sababu ya ada yake isiyokwisha. Zile za bei rahisi zinafaa kumtafutia mbwa aliyepotea, si kumzuia.

Wauzaji ndio wanaonikera. Wanaandika "usahihi wa mita 1" bila kusema wamepima wapi. Nilipolalamika nikaambiwa mbwa wangu hajafunzwa. Mbwa aliyelala afunzwe nini?

Kabla muda wa kurudisha haujaisha, zima shoti, laza kola chini pembeni ya ukuta kwa nusu saa, ukitazama kidoto. Umbali mkubwa zaidi kitakaohama, ndio huohuo uusogeze mpaka wako ndani kutoka barabarani. Ukikosa nafasi hiyo, irudishe.