"Kapime masikio": kompyuta ililia, fundi akasema mgonjwa ni mimi

Nilitaka hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba, nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 450,000 pamoja na skrini yake. Waranti ya miezi mitatu imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Duka silitaji. Habari za kasi na memori siandiki, hizo kila mtu anazipata. Inafungua faili zangu na haijawahi kuganda hata mara moja, hilo nalisema kwa haki. Nimekuja kusema habari ya mlio, na ya sentensi moja niliyoambiwa mbele za watu.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanarekodi wakulima, wavuvi, wauguzi, wananitumia sauti, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno, mpaka pale mtu anaposita au kuguna. Hedifoni inakaa kichwani saa sita, siku nyingine saa nane. Masikio ndiyo jembe langu. Naomba mlikumbuke hilo mkifika kwenye maneno ya yule mzee fundi.

Usiku wa pili au wa tatu tangu niilete nyumbani, nilivua hedifoni nipumzike, nikasikia kitu. Tsiiiii. Chembamba kama sindano, juu kuliko mbu, na hakisogei kama mbu anavyosogea. Nikishika mausi na kuzungusha gurudumu lake ili ukurasa ushuke, mlio unakatikakatika, tsi-tsi-tsi, unaufuata ukurasa. Nikiacha, unarudi mrefu kama mwanzo. Nikifungua kitu kizito, unapungua. Kompyuta ikikaa bure haina kazi, ndipo unapolia hasa. Baada ya saa moja kichwa kikawa kinagonga upande wa kulia, upande ambao kasha la kompyuta, lile tunaloliita CPU, limekaa.

Mwanangu wa miaka tisa akaja kuniaga alale. Akasimama mlangoni akitazama dari. "Mama, mbu yuko wapi?"

Kwa hiyo sikuwa peke yangu.

Nikaifunga kwenye kanga, nikaipakata kwenye bajaji kutoka Tabata mpaka Kariakoo, kwenye foleni ile mnayoijua. Nimefika nimetoa shikamoo, nimeeleza taratibu. Fundi mkuu ni mtu mzima, nadhani amevuka hamsini na tano. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, jenereta inanguruma hapo hapo mlangoni, na nje machinga ana kipaza sauti chake, kila kitu buku, kila kitu buku, bila kupumua. Mzee akaiwasha, akainamisha sikio kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, akainuka.

"Binti, hii kompyuta nzima. Wewe kapime masikio."

Wateja wawili wakacheka. Mmoja akairudia sentensi ili mwenzake aliyekuwa nje naye aisikie. Pembeni kulikuwa na kijana, mwanafunzi wa fundi, ameshika bisibisi. Kompyuta ilipowashwa tu nilimwona ameinua kichwa na kuitazama, kisha akainama tena kwenye kazi yake. Nilimwona. Nikaibeba kompyuta yangu nikaondoka, na kwenye bajaji sikuona njia kwa machozi.

Na kweli nikaenda kupima masikio. Mtu anayeishi kwa masikio yake akiambiwa yameharibika, halali. Nimelipa shilingi 40,000, nikafungiwa kwenye kile chumba kidogo cha kimya, nikavishwa hedifoni, nikapewa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Daktari akanionyesha mchoro. Masikio yote mawili mazima. Akanieleza kwamba kipimo cha kawaida kinaanzia mitetemo 250 kwa sekunde, yaani hezi 250, na kinaishia hezi 8,000, ilhali sikio zima la kijana linaweza kufika karibu hezi 20,000. Mlio wangu huenda uko huko juu ambako kipimo hakifiki. Kisha akaniambia neno ambalo fundi ndiye alipaswa kuniambia: "Urekodi kwa simu. Mlio wa ndani ya sikio simu haiusikii."

Jumamosi ile ile usiku nikaanza msako.

Nilianza na nyumba nzima, maana sauti nyembamba inadanganya, inagonga ukuta na kukujia kutoka upande usio wake. Nikachomoa friji. Nikachomoa redio, chaja zote za simu, hata taa ya mezani. Mlio upo. Nikazima skrini, maana nazo huweza kulia ukipunguza mwanga. Upo. Nikabaki na kasha lenyewe na mshumaa.

Nikachukua kalenda ya mwaka jana ukutani, nikaikunja iwe bomba, upande mmoja sikioni, mwingine nikautembeza juu ya kasha polepole kama daktari anavyotembeza chombo chake kifuani. Jamani, jaribuni hili, halina gharama. Feni utaijua, inavuma, na kompyuta ikiwaka unaisikia inapanda. Diski inanguruma kwa chini, na ile ya kawaida inayozunguka mara 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde, sauti nene, haiwezi kuwa sindano hii. Hata hivyo nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa diski, nikawasha. Ikalalamika haioni diski, na mlio uko pale pale. Nikazima, nikachomoa feni ya nyuma, nikawasha. Upo. Bomba la kalenda lilipofika kona ya nyuma, pale unapoingia waya wa umeme, mlio ukaruka sikioni mpaka nikajivuta nyuma.

Pawa saplai, lile sanduku linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta.

Kilichonithibitishia ni kwamba nilipoizima kompyuta kabisa, skrini nyeusi, feni kimya, mlio ulibaki, mdogo lakini upo. Nikabonyeza swichi ndogo ya nyuma ya pawa saplai, ukafifia ukafa. Nikairudisha, ukaanza. Kifaa kilichozimwa hakina sababu ya kuimba, isipokuwa ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani muda wote.

Lakini neno la fundi lilikuwa bado linanitafuna. Je, kama najidanganya kwa sababu mkono wangu ndio ulio kwenye swichi? Nikamwita mwanangu, nikamkalisha nyuma ya pazia, amefumba macho. Mimi nageuza swichi au naacha, bila mpangilio, yeye aseme "upo" au "haupo". Mara kumi. Nikawa natia alama nyuma ya kalenda. Alipatia zote kumi. Na simu nayo ilikubali: kuna programu ya bure inayochora sauti, ikachora mstari mmoja mwembamba ulionyooka karibu na hezi 13,000, swichi ikizimwa mstari unapotea, ikiwashwa unarudi. Nililia tena usiku ule, lakini hayakuwa machozi ya kwenye bajaji.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Ndani ya pawa saplai kuna koili, waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku, na umeme unapita humo kwa kukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kila pigo linauvuta waya na kuuachia. Gundi inayoushikilia ikiwa imelegea au ilikuwa hafifu tangu mwanzo, waya unatetemeka na kuimba. Jamaa yake ni ile transfoma ya kwenye nguzo mtaani, inayonguruma kwa chini mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni hezi 50. Hiyo ya mtaani ni besi, hii ya kwangu ni filimbi. Na ndiyo maana mausi iliubadilisha mlio: ukizungusha ukurasa, kompyuta inavuta umeme tofauti. Ila tafadhali, msiifungue pawa saplai yenyewe. Hata ikishachomolewa, ndani hubaki na umeme wa kukurusha.

Hapa nakiri jambo moja. Nilipoanza kuandika niliamini yule mzee alinidanganya. Sasa siamini hivyo. Nimekumbuka televisheni ya marehemu baba, ile ya mgongo mkubwa. Nikitoka shule nilikuwa najua nikiwa bado kibarazani kwamba imewashwa, hata sauti ikiwa imepunguzwa yote, kwa sababu ilikuwa na mlio wake mwembamba. Baba alikuwa anacheka, anasema nina masikio ya paka. Zile televisheni zilichora mistari 625, picha 25 kwa sekunde, zidisha upate 15,625, na mlio wake ulikuwa hapo hapo, hezi 15,625. Masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti za juu kwanza, na watu wengi waliovuka hamsini mlio ule hawausikii kabisa. Baba hakuusikia. Yule mzee, aliyekaa na jenereta mlangoni miaka yote hiyo, wa kwangu hakuusikia. Hakusema uongo. Kwa hiyo kwenye uaminifu nawapa haki yao.

Na pia nimejua kwamba watengenezaji wengi wanaihesabu sauti ya koili kuwa ya kawaida, si ubovu, kwa sababu kompyuta inaendelea kufanya kazi na haiungui. Basi nikafikiri labda waranti kweli haihusiki, labda nimewaonea. Nikawatumia ile sauti ya simu pamoja na picha ya mchoro, kwa adabu kabisa. Jibu likaja: "Sawa dada, tutamtuma kijana."

Akaja yule yule wa bisibisi, na pawa saplai nyingine mkononi. Hata soda hakutaka kwanza, alipiga magoti, akafungua skrubu nne, akahamisha waya mmoja mmoja akihakikisha umeingia mpaka unasema "tik". Dakika ishirini hazikufika. Akawasha. Sote watatu, mimi, yeye na mwanangu, tukanyamaza kusikiliza. Feni tu. Mwanangu akasema, "Haupo." Nilisikia saa ya ukutani jikoni, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ina sauti.

Kijana huyu ni fundi. Hilo naliandika kwa moyo mweupe, na kama ningeishia hapo ningewapa nyota nne na kuwaambia nendeni.

Lakini nilimuuliza. Nilipokuwa namsindikiza getini nikamwambia, mdogo wangu, siku ile dukani, wewe ulisikia? Akatazama viatu vyake. "Nilisikia dada. Tangu ilipowashwa. Lakini mzee alikuwa ameshasema."

Mzee alikuwa ameshasema! Hasira zangu zote zilizokuwa zimelala zikaamka. Kutosikia si kosa, umri ni umri, nami nitafika huko. Kosa ni kwamba pembeni yake palikuwa na masikio ya miaka ishirini na kitu, na hakuona haja ya kugeuka kuuliza, "Kijana, wewe unasikia kitu?" Swali la sekunde mbili. Badala yake akamgeuza mteja kuwa mgonjwa mbele ya wateja wengine, wakacheka, na mwenye kusikia akajifunza kukaa kimya. Ni wanawake wangapi wameondoka pale wameambiwa ni mawazo yao tu? Ni wangapi waliokwenda kununua kompyuta nyingine, au kuacha tu kichwa kiwaume kila usiku?

Nikampigia mzee. Sikupandisha sauti. Nikamwambia kompyuta imepona, asante, na nikamwomba mambo mawili: shilingi 40,000 zangu za kipimo, na aseme samahani. Akasema, "Lakini binti, si imepona? Sasa unataka nini tena?"

Nataka aseme nilikuwa nasikia. Hata pesa akae nazo.

Kwa hiyo nyota nne nimezifuta. Nikaweka mbili, nikazitazama, nikaona hata mbili ni nyingi. Nimeacha moja, na hiyo ni ya kijana. Akifungua meza yake mahali pengine nitakuwa mteja wake wa kwanza, na nitamletea watu. Mkilazimika kwenda pale kwa ajili ya bei, maana bei zao kusema kweli ni nzuri, nendeni asubuhi kabla ya jenereta, mwombeni yeye, na nendeni na sauti mmeirekodi kabisa kwenye simu.

Ile karatasi ya kalenda yenye alama kumi bado ninayo. Wiki ijayo nina shughuli Kariakoo. Nitapita dukani, niiweke juu ya kaunta.