Mazoezi ya kubana mkojo kwa njia ya simu, nimemaliza wiki 12

Jamani nilisema nikimaliza ntaandika, basi naandika. Jina la huduma silitaji maana kuna mahali ntawasema. Unajiandikisha kwa meseji, fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, anakupigia mara moja kwa wiki, yeye yuko Mbeya mjini mimi niko huku Makete ndani ndani, na kwenda hospitali na kurudi ni siku 2, viazi nani atavuna.

Shida yangu wengi mnaijua hata kama hamsemi. Tangu mtoto wa tatu nikikohoa, nikipiga chafya, nikijitwisha ndoo ya lita 20, mkojo unatoka, na kwa baridi ya huku kukohoa ndo maisha yetu. Miaka 4 nabadilisha kanga, kanisani nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, nikiuliza naambiwa ndo uzazi huo, vumilia.

Simu ya kwanza ilikuwa aibu. Nyumbani tuna simu moja, akapokea mama mkwe, na yule dada wa mapokezi akamwaga yote, eti tunapiga kuhusu tatizo la mkojo. Hapo nimekata nyota nzima, ulizeni kwanza nani kashika simu!!

Ila fizio mwenyewe Mungu ambariki. Alianza kwa kuniuliza kama mkojo unatoka muda wote hata nikilala, akasema ingekuwa hivyo, tena baada ya uchungu wa muda mrefu, angehofia fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo mazoezi hayaitibu, inataka upasuaji. Halafu akaniambia kaza kama unazuia ushuzi uko ukweni. Nilicheka, ila nikaelewa. Unakaza na kuvuta kwenda juu kwa ndani, unahesabu mpaka 5, unaachia kabisa, mara 8, asubuhi mchana na jioni, makalio usibane na pumzi usizuie.

Ubaya wa simu ni kwamba hakuoni. Wiki 2 nzima mwenzenu najisukuma kwenda chini kama niko leba, kinyume kabisa! Alinigundua siku aliyoniambia nikalie kanga niliyoikunja kama ngata nimwambie nasikia nini, nikasema nasikia naisukuma ngata, akasema we mama acha hapo hapo.

Alitaka pia nihesabu kila mkojo unapotoka, mi kalamu sina nikawa natia punje ya harage kwenye kikombe. Wiki ya kwanza 31, wiki ya 6 bado 23 nikataka kuacha, akanisihi akasema misuli hii inataka kama miezi 3. Wiki ya 12 punje 4, zote za siku niliyokuwa na mafua. Sasa hivi kikohozi kikija nakaza kwanza ndo nakohoa, hiyo peke yake imenirudishia hela yangu.

Hela ni elfu 30, nimelipa kwa mafungu 3. Video zao sijafungua hata moja, zinakula bando na zinaongea Kizungu, na mtandao mpaka nipande kule kwenye mikaratusi, kwa hiyo sauti tu ndo imenifikisha hapa.

Nyota 4. Wifi yangu naye kajiandikisha juzi, ila kaandikisha namba ya shoga yake.