Uzoefu wangu: boti ya kukodi Kunduchi kwa kuvua na chambo cha manyoya, masika yakiisha

Boti hii nimeikodi mara nne, zote kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, kwa kazi moja tu: kutafuta kolekole kwa fimbo na chambo cha manyoya karibu na mdomo wa mto Mpiji. Ni faiba ya futi 23, injini moja ya farasi 40, nahodha na kijana wake. Boti za namna hiyo ziko nyingi. Kinachonirudisha kwao ni sharti moja: ukishalipa malipo ya awali, unaruhusiwa kuhamisha siku hadi jioni ya kuamkia safari, bila kukatwa hata shilingi. Kwa msimu huu hilo ni jambo kubwa kuliko injini.

Wavuvi wa Montana na Colorado kule Marekani husubiri theluji ya milimani iyeyuke na mito itulie ndipo wafunge safari za mwanzo wa kiangazi. Sisi tunasubiri masika, na kila mto una tabia yake. Ruvu, unaoingia baharini kaskazini ya Mpiji, hupokea maji ya Uluguru, kwa hiyo huendelea kushusha tope hata Dar es Salaam pakiwa pakavu kabisa. Mpiji ni mfupi, hujaa haraka na kupungua haraka. Tena mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza kasi, hivyo tope la Ruvu huenda zake Saadani. Kwa hiyo mimi naulizia mvua ya Kisarawe na Kibaha, yanakotoka maji ya Mpiji, siku tatu za mwisho. Zikiwa kavu, naendelea na mipango. Ikinyesha usiku mmoja tu wa maana, napiga simu kuhamisha.

Baada ya mvua, jambo la pili la kuangalia ni kujaa na kupwa kwa bahari, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanachagua bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, kwa sababu mkondo una nguvu na samaki wanachangamka. Kwa miezi mingine sawa. Lakini bamvua ya Dar es Salaam hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi, maana yake asubuhi yote maji yanatoka, na yanatoka na uchafu wote wa mtoni. Saa ya kurudi, boti inakaa juu ya mchanga na mnashuka kutembea na mizigo kichwani. Mimi nachagua maji mafu, yaani maji yanayojaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu. Hapo maji hupwa alfajiri na kujaa hadi saa 4 hivi: maji safi ya bahari yanaingia kuelekea mdomoni polepole, upepo bado haujaamka, na mnarudi boti inaelea. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Jedwali la maji la bandari lina saa kamili, liangalie kabla hujataja tarehe kwa nahodha.

Mkifika, msiingie mdomoni. Tafuteni mstari ambapo maji ya rangi ya chai ya maziwa yanagusana na ya kijani. Utauona kwa povu, majani ya mikoko na chupa za plastiki zilizojipanga kama kamba. Kolekole na mzia hukaa upande safi wakingoja vidagaa. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo mara nyingi tope ni tabaka la juu tu, pengine mita moja, na chini yake kuko safi. Kwa hiyo uzi wa kuelea haufai. Fimbo yangu ni ya uzi wa uzito namba 8, urefu futi 9, na uzi wa kuzama taratibu, unaoshuka kama sentimita 4 kwa sekunde. Natupa, nahesabu hadi 25, ndipo naanza kuvuta. Chambo ni Clouser, aina yenye macho mazito ya chuma yanayokizamisha, ndoana ya saizi 1/0, nyeupe na kijani. Kikizamishwa nusu mita kisionekane, nabadilisha kuwa cheusi au zambarau, maana kwenye ukungu wa tope samaki huona umbo, si rangi. Mbele ya chambo weka waya mfupi wa sentimita 15. Bila waya, mzia mmoja anaondoka nacho.

Upande wa huduma: nahodha anajua mstari ule ulipo na anazima injini mapema, mita 40 kabla, nampongeza sana kwa hilo. Jaketi za kuokolea zilikuwepo za kutosha. Kasoro ni nanga. Kamba yao ni ya mita 20, na tulipotia nanga kwenye kina cha mita 10 ilikokota hadi ndani ya tope. Kamba inatakiwa walau mara tatu ya kina. Sasa nakwenda na yangu ya mita 40. Na sakafu ya boti ina vyuma na misumari inayonasa uzi kila unapotupa, hivyo naomba kijana atandike turubai lililoloweshwa. Barafu chukueni wenyewe, kilo moja kwa kila kilo ya samaki, kwa sababu kasha lao halina mfuniko unaobana.

Kusi likianza kupuliza, kwenye saa 3 hivi, geuka ili upepo uje upande wa mkono usiotupa. Ukiuacha upulize upande wa mkono wa kutupa, ndoana inakuja sikioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, hamisha siku hata kama mwezi ni nusu na mto ni safi.

Na mkiwa njiani msishawishike kutupa uzi Mbudya, Pangavini, Bongoyo wala Fungu Yasini. Ni hifadhi tangu 1975 na uvuvi umekatazwa. Nahodha huyu hupita mbali bila kuambiwa. Wa kwanza niliyewahi kumkodi, kwingine, alitaka kusimamisha boti pale pale, sikurudi kwake.