Memories of Murder: ichukue yenye Kikorea chake, ile iliyotafsiriwa achana nayo

Naanza na la muhimu maana najua wengine hamfiki mwisho: hii muvi ni kali, kwa upande wa muvi za upelelezi mi sijaona ya kuizidi, ila hapa Kigoma mjini zinazunguka kopi mbili na moja inaharibu kila kitu. Ile iliyotafsiriwa na dijei (simtaji, kwenye muvi za ngumi yuko vizuri sana tu) usiiguse. Tafuta yenye sauti ya Kikorea na maandishi ya Kiingereza chini.

Ni ya Korea Kusini, ya 2003, kaiongoza Bong Joon-ho, huyo huyo aliyebeba Oscar 2020 kwa Parasite, na steringi ni Song Kang-ho, yule baba wa familia maskini kwenye Parasite. Dogo wa library ya muvi pale Mwanga alijaribu kunigeuza, "kaka hiyo haina ngumi, chukua sizoni mpya", nikamwambia we weka tu.

Stori inaanza 1986 huko Hwaseong, mkoa wa Gyeonggi, vijijini kabisa, mashamba ya mpunga kila upande, yani ukipita bonde la Luiche mpunga ukiwa umeiva ndo picha yenyewe. Mwanamke anakutwa kauawa, kaingizwa kwenye mtaro pembeni ya shamba. Muda si mrefu anakutwa mwingine. Mpelelezi wa pale kijijini, Park Doo-man, anajisifu yeye akimwangalia mtu machoni tu anajua huyu kafanya au hajafanya. Basi kuna siku bosi wake anamwonyesha vijana wawili wamekaa wanajaza fomu, anamwambia mmoja kabaka na mwingine ni kaka wa binti aliyebakwa, haya niambie mbakaji ni yupi. Kamera inamkazia Park anavyokodoa macho afu muvi inaendelea zake, jibu hupewi! Nilikasirika kidogo, sikujua kwamba muvi nzima imebebwa na hilo swali.

Kuna sini moja ya mwanzoni lazima niielezee. Park yuko shambani kwenye tukio, kapata alama ya kiatu kwenye tope, kaizungushia duara vizuri anawaita wenzie waje, watoto wanakimbia huku na huku hakuna wa kuwazuia, mkubwa wa kikosi anashuka kwenye kingo anateleza chali, anakuja na mwingine naye anateleza pale pale, na wakati Park anapiga kelele jamani alama, alama, linapita trekta juu ya ile alama. Kwisha. Ushahidi umeenda. Kamera haikati, inamfuata tu jamaa anavyohangaika, na we unacheka kabisa huku maiti iko pale pale pembeni imelala. Hicho ndo kitu Bong anakiweza, anakuchekesha afu anakuacha unajisikia vibaya kwamba ulicheka.

Afu anashuka mpelelezi kutoka Seoul, Seo Tae-yoon, msomi, yeye anaamini mafaili. Ndo anagundua muuaji anapiga usiku wa mvua. Na yule askari wa kike ambaye wenzie wanamtuma chai na kahawa tu ndo anashtukia kwamba kila mauaji yakitokea kuna wimbo umepigwa redioni, mtu katuma kadi kuuomba. Sie tuliokua na kadi za salamu za redioni hapo tunaelewa haraka, kadi ina jina na mahali, basi wanaanza kuitafuta kadi. Mi nilikuwa naangalia usiku mvua inapiga bati balaa na sikupenda hata kidogo ule muda.

Wengine wataisema muvi inazunguka zunguka sana, mara mganga, mara hiki. Ndio, kuna mganga, Park anaenda kupiga ramli kabisa kapewa na masharti, na kuna siku anakaa bafu la umma anachungulia wanaume kwa sababu kashawishika muuaji hana vinyweleo. Kwangu huo sio uzungukaji. Hao watu hawana kitu mkononi, hawana maabara, vipimo vya vinasaba inabidi vitumwe Marekani, wakiomba askari wa kulinda njia usiku wanaambiwa wote wamepelekwa kuzuia maandamano maana ilikuwa serikali ya kijeshi. Wanachobaki nacho ni mateke. Mwenzie Park anavalisha buti lake kitambaa kabla ya kumpiga mtuhumiwa ili asiache alama. Wanampiga kijana mwenye akili taahira mpaka anaongea wanachotaka, wakimaliza wanakaa naye wanakula tambi wote pamoja wanaangalia sizoni ya polisi kwenye tivii na kuimba wimbo wake, kama ndugu. Hiyo sini ya tambi ilinikera kuliko zile maiti.

Na kadiri mambo yanavyogoma, Seo yule mstaarabu wa mafaili anaanza kuchanganyikiwa yeye, anataka kuua mtu kwa mkono wake, na Park wa mateke ndo anaanza kusita. Kama hujaiangalia ruka aya inayofuata.

Mwisho wake ni 2003, Park kashaacha upolisi anauza mashine za kutengeneza juisi, anapita ule mtaro wa kwanza, katoto kanamwambia juzi kuna mtu mwingine alikuja kuchungulia humo humo, sura yake ya kawaida tu. Park anageuka anaiangalia kamera, moja kwa moja. Kimya. Sasa yule dijei wetu hapo kwenye kimya ndo akaona ajaze, "na kesho yake jambazi likatiwa mbaroni, asanteni watazamaji"!! Nani kakwambia? Muvi ilitengenezwa muuaji hajulikani, ndo maana Park anatuangalia sisi, kwa sababu huenda jamaa yuko kwenye viti anaangalia. Kesi ni ya kweli, wanawake 10 kati ya 1986 na 1991, na muuaji alikuja kujulikana 2019 kwa vinasaba, Lee Choon-jae, kumbe alishafungwa maisha zamani kwa kumuua shemeji yake 1994. Hawakuweza hata kumshtaki kwa yale mauaji maana muda wa kisheria ulishapita. Na kuna mtu mwingine alikaa jela karibu miaka 20 kwa moja ya mauaji hayo, alikiri baada ya kipigo, mahakama ikaja kumsafisha 2020.

Mapungufu yapo. Ni ndefu, masaa mawili na dakika kumi hivi, picha ina giza sana hasa sini za usiku kwa hiyo kwenye simu hutoona kitu, na watoto waondoe, maiti zinaonyeshwa na namna walivyouawa inaelezwa wazi. Naipa nne na nusu kwa tano, nusu nimekata kwa sababu wanawake waliouawa hatuwajui kabisa, wanaletwa tu kufa.

Kama nyumbani una mtu Kiingereza hakipandi, kaa umtafsirie mwenyewe. Mi nilikaa na mama mdogo, sehemu za kimya nikanyamaza, mwisho akauliza "sasa nani kaua?" nikamwambia hawakumpata. Akasema hao polisi ndo walitakiwa wawekwe ndani kwanza, afu akaniambia nirudishe pale kwa mganga aone tena.