Kikapu changu cha ukili: mezani hadi ufukweni

Kikapu hiki cha ukili, yaani ukanda wa majani makavu yaliyosukwa, nilikinunua Darajani, Unguja, kwa shilingi 15,000, na sasa ni mwezi wa tatu tangu hapo, sijajuta hata siku moja. Siku za kazi kinakaa mezani kwangu: waya za chaja, daftari, kalamu, vyote humo, meza inabaki wazi. Jumamosi navitoa, natia doti ya kanga, kofia na chupa ya maji, safari ya ufukweni Paje. Kanga moja kiunoni, ya pili mabegani, napita kijijini kwa heshima zangu. Ukili umesukwa ukabana. Pitisha kidole kwenye mshono, hukuti uzi uliolegea. Kasoro ni mikono ya ngozi: ilinikwaruza bega mpaka nikaizungushia kipande cha kanga kuukuu. Kikapu kikilowa, kianike kivulini.