sqlmap: hodari wa kufichua tundu, kuliziba ni kazi yako

Anayetaka kujua kama programu yake ya wavuti inapenyezeka kwa SQL (lugha ya kuiamuru hifadhidata), yaani mgeni anaweza kupenyeza amri zake humo, atafika kwa zana ya sqlmap mapema tu. Ni ya bure, ya chanzo huria, inaendeshwa na Python kwenye terminali, na ipo tangu 2006. Katika kuthibitisha tundu ni hodari kwelikweli. Shida ni watu wanaoiendesha mara moja, wakasoma kwamba hakuna parameta (thamani inayotumwa kwa programu, kama `id`) yenye udhaifu, wakalala usingizi.

Njia nzuri ya kuanza ni kuhifadhi ombi zima ambalo kivinjari hutuma kwa seva kwenye faili, pamoja na kuki na data ya POST (ya fomu), kisha:

`sqlmap -r ombi.txt -p id --batch`

Ikipata tundu, inakutajia aina yake (la ujumbe wa kosa, la UNION yaani kuunganisha matokeo ya maswali mawili, la kuchelewesha jibu na kadhalika) na kukuonyesha maandishi yaliyopenya. Ushahidi huo unamnyamazisha hata msanidi mbishi.

Sasa, mipangilio ya kawaida ni `--level=1`, ambayo inagusa parameta za GET (za kwenye anwani) na POST peke yake. Kuki zinaanza kujaribiwa kwenye 2, User-Agent na Referer (vichwa vya ombi vinavyotaja kivinjari na ukurasa uliotoka) kwenye 3. Fomu ikiwa na tokeni ya CSRF (namba ya siri inayothibitisha ombi limetoka kwenye fomu yenyewe) nawe hukutaja `--csrf-token`, seva inaweza kukataa maombi karibu yote na ripoti ikatoka safi bila chochote kupimwa. Data ikihifadhiwa ukurasa huu na kuleta madhara ukurasa mwingine, bila `--second-url` haitaonekana.

`--risk=3` ni ya kuogopwa. Inaongeza majaribio ya OR (“au”), na kama parameta inaingia kwenye UPDATE au DELETE (amri za kubadilisha na kufuta), sharti linakuwa kweli kwa kila safu: jedwali zima linabadilishwa au linafutwa. Iendeshe kwenye nakala ya hifadhidata, kamwe si ile inayohudumia wateja. Na kupima mfumo wa mtu bila idhini yake ya maandishi ni uvamizi.

Kasoro inayokera: matokeo ya awali hukumbukwa. Umesharekebisha kodi ya programu, unapima tena, bado inakwambia tundu lipo. Ongeza `--flush-session`. Mtandao ukiwa mzito, ucheleweshaji wa kawaida wa sekunde 5 nao unaweza kukupotosha, hivyo weka `--time-sec=10`.

Kurekebisha kwenyewe sqlmap haikusaidii, kwa kuwa haisomi kodi ya programu. Badala ya kuunganisha maandishi, `"... WHERE id = " + id`, andika `WHERE id = ?` na upeleke thamani kando; hifadhidata haitaisoma kamwe kama amri. Usitegemee ngome ya mbele ya seva (kichujio cha maombi mabaya) peke yake: sqlmap yenyewe ina hati za `--tamper`, mfano `space2comment` inayogeuza nafasi kuwa alama za maoni, zilizotungwa kupita vichujio vya aina hiyo.

Pachunguze kwa macho penye ORDER BY (amri ya kupanga matokeo). Jina la safuwima halipokelewi kupitia `?`, ndiyo maana hata timu makini hurudia kuunganisha maandishi hapo. Tengeneza orodha ya majina yanayoruhusiwa ndani ya kodi, na lolote lisilokuwemo likataliwe. Akaunti ya hifadhidata inayotumiwa na programu nayo inyimwe DROP (amri ya kufuta jedwali lote), na isiweze kusoma majedwali isiyoyahitaji.