Darasa la Uanaume kwa WhatsApp: Cha Bure Kimezidi cha Kulipia

Darasa la kuwafundisha vijana uanaume linauzwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Unalipa kwa M-Pesa, unatumiwa kiungo, unaingia kundi la WhatsApp. Humo unapewa kijitabu cha PDF cha siku 30, ujumbe wa sauti kila alfajiri, na ahadi ya "kaka mlezi", yaani mtu wa kukufuatilia wewe binafsi. Jina la huduma silitaji. Ziko nyingi za namna hii, na wateja wangu wamenionyesha vijitabu vya wauzaji tofauti vinavyofanana hadi picha ya simba kwenye jalada. Kwa hiyo nisemayo yatamfaa yeyote anayefikiria kulipia mojawapo.

Mimi ni kinyozi, upande wa Likoni, Mombasa. Nataja kazi yangu kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nijiunge. Vijana wanaokaa kwenye kiti changu zamani walikuwa wakinionyesha mabao ya mpira. Siku hizi wananionyesha machapisho ya mitandaoni. "Mwanaume, amka mapema." "Mwanaume, acha sukari." "Mwanaume, usimwambie mtu shida zako." Kijana anasoma kwa sauti mashine ikiwa kichwani, na walio kwenye benchi wananyamaza wote kusikiliza. Kitu kinachoweza kulinyamazisha benchi la kinyozi Jumamosi jioni nilitaka kukijua kwa ndani.

Nianze na hayo ya bure, maana ndiyo mlango wa biashara yote. Hapa Kenya aliyeyapa jina kubwa ni Eric Amunga, watu wamjua kama Amerix, na Jumamosi zake za uanaume kwenye Twitter, ambayo sasa ni X. Nampinga kwa mengi, hasa anavyowasema wanawake, lakini mtindo wake umezaa kizazi kizima cha waigaji, na mtindo huo unashika kweli. Sentensi fupi. Amri tupu. Mstari mmoja, nafasi, mstari mwingine. Na anayesemeshwa ni mmoja tu: wewe.

Ziangalie amri zenyewe. Tembea. Lala mapema. Punguza chapati. Lipa deni. Nyamaza ukikasirika. Hakuna hata moja inayotaka mtaji. Kijana asiye na kazi, ambaye kila tangazo kwenye simu yake linamdai pesa asizokuwa nazo, hapa anapewa jambo analoliweza leo hii, peke yake, bila nauli. Mtu aliyekwama miaka akipewa kazi anayoiweza huiheshimu, na humheshimu aliyempa. Nimewaona wakipungua matumbo. Nimeona mmoja akiacha muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kwa ajili ya mfululizo wa machapisho aliousoma kwenye simu, na mama yake alikuwa amemsihi tangu yuko shule. Siwezi kudharau jambo hilo.

Lakini sababu kubwa zaidi, kwa nionavyo mimi, ni siri. Barazani kwetu, kahawa mkononi, wanaume tunazungumza siasa, mpira, bei ya unga, ndoa ya fulani iliyovunjika. Hatuulizani "deni limefika wapi?" wala "mwili wako u mzima?" Mwanamke wa Pwani ana somo wake aliyemfunda, ana wenzake wa chama, ana shughuli za harusi ambamo mambo husemwa waziwazi bila haya. Kijana wa kiume wa zamani alikaa jandoni akafundwa na wazee. Siku hizi mtoto anatahiriwa hospitalini, anapona, basi. Mafunzo yaliyokuwa yakienda pamoja na kile kidonda hayakuhamia popote. Sasa chapisho linamkuta kitandani usiku wa manane, simu ndani ya shuka, na linamjibu swali ambalo asingethubutu kuliuliza mbele ya mtu. Amepata nasaha bila yeyote kujua kwamba alizihitaji. Sijui kitu kingine chochote kinachompa mwanaume wa mtaani kwetu nafasi hiyo.

Sababu ya tatu ni ugomvi, na hapa pana pesa. Chapisho la kuhimiza watu watembee linapendwa na wachache. Chapisho la kuwatukana wanawake walioachika linajibiwa na maelfu, wa kulaani na wa kutetea, na kila jibu linalisukuma mbele. Tangu 2023 X huwalipa wenye akaunti za kulipia walio na wafuasi wengi, na hesabu ilianza kwa matangazo yanayoonekana kwenye majibu yaliyo chini ya chapisho. Kwa hiyo dada anayemjibu kwa uchungu anamtilia mwandishi pesa mfukoni. Ndiyo maana hata mwandishi aliyeanza na mazoezi na usingizi, ukimfuata muda mrefu, utamkuta ameishia kwenye matusi.

Halafu kuna wasambazaji. Andrew Tate, yule mpiganaji wa zamani aliyekulia Uingereza, alikuwa na darasa lake, Hustler's University, la karibu dola 50 kwa mwezi, na wanachama walipewa kamisheni kwa kila mtu waliyemleta. Wakaijaza TikTok vipande vya video zake. Sisi huku tukidhani dunia nzima inampenda au inamchukia, na sehemu kubwa ya kelele ile ilipigwa na watu wanaotafuta riziki yao. Agosti 2022 Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zikamfungia. Mpango wenyewe haukufa. Kwenye kundi nililolipia mimi ukileta mwanachama unapewa shilingi 300, na kila Ijumaa tulihimizwa tuweke picha za ujumbe wa mwalimu kwenye stetasi. Kwa hiyo ukiona rafiki yako ghafla anaweka maneno ya uanaume kutwa mara tatu, muulize kwanza kama analipwa.

Sasa bidhaa yenyewe.

Kijitabu hakina thamani ya pesa hiyo. Siku ya kwanza inaagiza: tandika kitanda ukiamka. Ni shauri zuri, ila limetolewa bure kwa dunia nzima na Admirali William McRaven wa jeshi la majini la Marekani, katika hotuba kwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin mwaka 2014, na humu limebandikwa bila hata kumtaja. Siku ya pili inaagiza uamke saa kumi na moja alfajiri "wakati wanaume dhaifu wamelala". Nusu ya wateja wangu huwa wameshaamka saa hiyo kwa ajili ya swala. Siku ya tatu ni kuoga maji baridi ili mwili ushtuke. Maji ya tangi la juu ya paa hapa Mombasa ni vuguvugu hata alfajiri. Siku nyingine ni kufunga kula, imeelezwa kama ugunduzi mpya, katika mji ambao watu hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi toka enzi za mababu. Aliyeandika hakuwa akituandikia sisi. Alichukua maneno ya watu wa nchi za baridi akayageuza Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimepinda.

Sauti za alfajiri ni habari nyingine. Anayezisoma ana sauti tulivu, hana papara, na anamwambia msikilizaji "ndugu yangu" kwa namna inayoingia. Bora kuliko zote ni ile ya madeni. Anakuambia uchukue karatasi moja, uandike kila unayemdai na kila anayekudai, jina na kiasi, usibakishe hata mia mbili ya muuza maji. Kisha umpigie anayekudai kiasi kidogo kuliko wote, siku hiyo hiyo, umwambie lini utalipa. Usimpe sababu, mpe tarehe. Niliwachezea vijana sauti hiyo kinyozini. Mmoja wao alikuwa akizunguka nyuma ya msikiti kila asubuhi ili asipite mbele ya mama muuza mahamri anayemdai shilingi 640. Akampigia palepale, kitambaa changu kikiwa bado shingoni mwake. Mama akasema alete mia kila Ijumaa, na akamuuliza mbona amepotea, ana mgonjwa? Kijana alishusha pumzi mpaka nikaondoa mashine. Sauti ile moja ingeuzwa peke yake ningeilipia.

Upande wa afya ndipo ninapokasirika. Kuna sauti inayosema kwamba kupungua nguvu za kiume kunatokana na sukari, uvivu na picha chafu, na dawa yake ni kufunga siku tatu kwa maji matupu na kuachana na "vidonge vya hospitali". Dereva mmoja wa tuktuk, mteja wangu wa miaka, aliniambia kwa furaha kwamba ameacha vidonge vyake vya presha na vya kisukari ili aanze. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akikaa bila kula sukari yake ya damu inaweza kushuka mpaka azimie, tena kwenye usukani. Na nguvu za kiume kupungua kunaweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari, presha au mishipa ya moyo kuziba. Mwanaume huyo anahitaji kupimwa, na darasa linamtuma mbali na kipimo. Niliandika hayo kundini kwa adabu. Ujumbe wangu ukafutwa. Dereva nilimpeleka mwenyewe zahanati, na daktari akampangia namna ya kufunga inayolingana na dawa zake.

Kaka mlezi niliyeahidiwa hakuwepo. Ukimwandikia unajibiwa papo hapo, maneno yale yale, saa yoyote: "Nimekusikia, simba. Endelea kusimama imara." Niliwauliza wenzangu watatu kundini, wote walikuwa na jibu hilo hilo neno kwa neno. Nikaomba nirudishiwe pesa kwa sehemu hiyo ya huduma, sikujibiwa kabisa.

Ningeweza kuyasamehe hayo yote isipokuwa hili. Usiku mmoja mwanachama aliandika kundini kwamba amechoka na haoni sababu ya kuifikia kesho. Msimamizi akajibu kwa picha ya simba na neno moja: "Kaza." Nyuma yake wakafuatana wengine, simba juu ya simba, mpaka maneno ya yule ndugu yakapanda juu ya skrini yasionekane. Namba yake ilikuwa wazi kama zetu zote. Nikampigia. Alipokea mara ya pili, na kwa muda mrefu hakusema kitu, nasikia tu feni inazunguka. Nikamuuliza amekula nini. Tukaanzia hapo. Kabla ya alfajiri alikuwa amenipa namba ya kaka yake wa kweli, wa tumbo moja, ambaye alikwenda kwake akamkuta yu hai na akakaa naye.

Shirika la Afya Duniani lilipohesabu vifo vya mwaka 2019, kiwango cha wanaume wanaojiua kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Na katika machapisho yote ninayoonyeshwa kitini, linalopendwa kuliko yote ni lile lisemalo usimwambie mtu shida zako. Naelewa kwa nini linapendwa: linamhakikishia mtu kwamba kimya chake ni nguvu. Lakini ndilo linalomfungia ndani na shida yake. Mwenye kusoma haya aliye katika hali hiyo apige 1199, ni namba ya bure ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya. Ama ampigie mtu anayemwamini, hata kama ni kinyozi wake.

Kwa hiyo uamuzi wangu. Machapisho ya bure yasome, chagua yanayokuhimiza kutembea, kulala, kulipa deni na kuacha ulevi, na anayeanza kuwatukana wanawake mwache hapo hapo. Darasa la kulipia usilinunue kwa bei hii. Wauzaji nawaomba mambo mawili: muwekeni mtu halisi nyuma ya hiyo namba ya mlezi, na sauti ya dawa za hospitali muiondoe leo. Mkifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kuwasifu kwa wateja wangu, kwa sababu haja ipo na vijana wanawasikiliza ninyi kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Ukiwa umeshalipa, hifadhi sauti ya madeni kwenye simu yako kabla hujatoka. Na toka kabla mwezi haujaisha. Kijitabu cha mwezi wa pili ni kile kile cha kwanza, wamebadilisha rangi ya jalada na kukipa jina la "Ngazi ya Wafalme", na bei yake imepanda hadi shilingi 2,500.